Kadi Haiji Yenyewe

Siku tano za juma Jocelyne Ouellette hupika chakula cha watoto wa shule. Jumamosi hupika nyumbani kwake. Asubuhi ile ya Oktoba alikuwa mbele ya jiko la kuni, akimimina rojo la unga wa ploye kwenye kikaango cha chuma. Chapati za ploye hazigeuzwi. Huiva upande mmoja tu, juu zikajaa matundu, na siagi ikaingia humo. Nje baridi ilikuwa imegandisha nyasi.

"Normand! Zinapoa huku!"

Mumewe alikuwa barabarani, mbele ya sanduku la barua. Alilifungua, akachungulia, akatia mkono mpaka ndani kabisa. Kisha akarudi polepole, mkono mmoja tumboni.

"Imekuja?" Jocelyne aliuliza.

"Bado."

"Miezi saba sasa, Normand."

"Hiyo ni serikali, mama. Si duka la mikate."

Alikaa mezani. Alikula ploye moja, akaisukuma sahani. Zamani mtu huyu alikuwa akila nane na kuuliza zilizobaki ziko wapi.

Walichokuwa wakikingoja ni kadi ya bima ya wazee, ile bima ya afya ya serikali. Normand alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi kwa miaka thelathini na nne. Mwezi Machi kiwanda kilizima mashine yake, wakapunguzwa watu tisini. Bima yake na ya mkewe ilikuwa ya kiwanda, nayo ikaisha pamoja na kazi. Normand alikuwa na miaka sitini na miwili. Aliamua kuanza kuchukua pensheni ya serikali, ingawa ukianza katika umri huo hupewa pungufu. Pale kiwandani jambo hilo lina jina lake. Wanaume husema, "Fulani amekwenda mapema."

Naye Normand alijua, kama walivyojua wanaume wote wanaokunywa kahawa asubuhi pale kituo cha mafuta, kwamba mtu akienda mapema na kadi yake humfuata mapema. Nani aliwaambia? Rejean Theriault, kaka yake Jocelyne. Yeye aliacha kazi akiwa na miaka hamsini na mitano. Alipofika hamsini na minane, kadi ilikuwa mfukoni. Waliiona kwa macho yao.

"Uliombaje?" walimuuliza.

"Sikuomba," Rejean alijibu. "Imekuja yenyewe kwa posta."

Basi Normand akaingoja ije yenyewe. Barua za kiwanda zilizokuja Aprili hakuzisoma. Bahasha isiyo na hundi huyo bwana huiwashia jiko. Jocelyne naye hakuuliza. Kwa miaka yote ya ndoa yao makaratasi yalikuwa ya mume na jiko lilikuwa la mke, na ujinga huo waliuita mapatano.

Baada ya kifungua kinywa Jocelyne aliteremka chini ya nyumba kufua. Kikapu cha nguo za Normand kilikuwa kitupu. Alishangaa. Kisha aliona ndoo nyuma ya rundo la kuni. Ndani ya ndoo kulikuwa na nguo za ndani za mumewe, zimelowekwa. Maji yalikuwa mekundu.

Alipanda ngazi na ndoo mkononi, akaitua katikati ya jikoni.

"Hii nini?"

Normand aliitazama ndoo, akatazama dirishani.

"Bawasiri."

"Tangu lini?"

"Tangu... wakati wa kupanda viazi."

"Mei! Normand, Mei! Na mimi nalala na wewe kitanda kimoja!"

"Nitakwenda kwa daktari kadi ikija. Nikienda leo wataniingiza kamera, halafu waniletee bili ya kununulia nyumba. Nyumba tunayo moja tu, Jocelyne."

"Na mume ninaye mmoja tu!"

"Wiki mbili," alisema. "Nipe wiki mbili. Itakuja."

Jocelyne alitaka kulia na alitaka kumpiga. Hakufanya hata kimoja. Aliimwaga ile ndoo.

Jioni hiyo kulikuwa na chakula cha maharage kwenye ukumbi wa kanisa. Mji mzima huja kula maharage yaliyookwa, soseji nyekundu na mkate mweusi, na kila mtu huacha noti mlangoni. Noti zile ni za mgonjwa. Safari hii zilikuwa za mwalimu mmoja wa michezo aliyepata kiharusi. Picha yake ilibandikwa kwenye gudulia la plastiki karibu na mlango. Jocelyne amepika maharage ya wagonjwa tangu ujana wake. Hakuwahi kujiuliza ni nchi gani hii ambayo mtu hutibiwa kwa sufuria ya maharage. Usiku huo alijiuliza. Aliitazama ile picha, akamwona Normand.

Aliyekuwa akikata mkate pembeni yake ni Noella Cyr, jirani yake wa nyumba ya tatu. Siku hizi Noella hufanya kazi kituo cha afya. Kazi yake ni kuwasaidia watu kupata bima, bila malipo.

"Noella," Jocelyne alisema, akikoroga. "Kuna mtu mmoja namjua. Ameanza pensheni na sitini na mbili. Kadi ya bima ya wazee huchukua muda gani kufika?"

"Miaka mitatu," Noella alisema.

"Acha mzaha."

"Sifanyi mzaha. Pensheni unaweza kuanza na sitini na mbili. Bima ya wazee inaanza na sitini na tano. Ni vitu viwili. Kimoja kikienda mapema, kingine hakisogei hata siku moja."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Mbona wapo walioipata kabla?"

"Wapo. Mtu akipata malipo ya ulemavu kwa miezi ishirini na minne, huipata. Yaani daktari na serikali wamekubali kwamba hawezi tena kufanya kazi. Na wapo wachache wenye magonjwa fulani makubwa, kama figo zilizokufa. Lakini mtu mzima wa afya aliyechoka na kazi tu? Haipati." Noella aliweka kisu chini. "Huyo mtu wako mmoja, bima yake ya zamani iliisha lini?"

"Machi."

"Na anaumwa?"

Jocelyne alianza kukoroga tena, kwa nguvu. Noella alifuta mikono yake kwa aproni.

"Mlete Normand Jumatatu saa mbili," alisema. "Akikataa, mwambie nitakuja kumvuta kwa masikio."

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili. Jocelyne hakwenda kanisani. Alikwenda kwa kaka yake ziwani, akamkuta anapasua kuni.

"Rejean, wewe unapokea malipo ya ulemavu?"

Shoka lilibaki hewani kidogo, kisha likashuka pole.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimehesabu miaka. Jibu."

Rejean alikaa juu ya gogo. Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama mlango. "Baada ya mke wangu Pauline kufa," alisema, "sikuweza kutoka kitandani. Siyo uvivu, mdogo wangu. Kichwa kilikataa. Nililia miezi minne. Daktari akaandika, wakanikubalia. Sasa ulitaka nikawaambie nini wale wanaume pale kwenye kahawa? Kwamba Rejean Theriault ni mgonjwa wa huzuni? Wangenicheka mpaka kaburini. Nikasema nimekwenda mapema."

"Normand alikuamini."

"Kuna nini na Normand?"

"Anatoka damu. Tangu Mei. Anangoja kadi kama yako."

Rejean aliweka uso wake ndani ya viganja.

"Ungeniambia mimi," Jocelyne alisema. "Mimi dada yako. Ningekuletea supu na ningefunga mdomo wangu. Umeona haya ya kuchekwa, na mume wangu anaoza." Aliondoka bila kuaga. Ndani ya gari alilia mpaka kioo kikawa na ukungu.

Jumatatu saa mbili Normand alikuwa amekaa mbele ya meza ya Noella, kofia mapajani.

"Sijaja kuomba cha bure," alianza. "Sijawahi kula cha bure maisha yangu."

"Miaka thelathini na nne umekatwa kodi," Noella alisema. "Umelipia dawa za watu wengi, bwana. Sasa nyamaza unisikilize. Mtu akipoteza bima ya kazini, ana siku sitini. Katika siku hizo anaweza kuingia kwenye soko la bima la serikali na kuchagua bima nyingine. Kiwanda kilikuandikia barua kukwambia hivyo."

Normand alitazama kofia yake. "Niliwashia jiko."

"Basi siku sitini zako ziliisha Mei. Sasa ngoja mlango wa wote, majira ambayo kila mtu huruhusiwa kujiandikisha. Unafunguliwa Novemba mosi. Ukijiandikisha kabla ya katikati ya Desemba, bima inaanza Januari mosi."

"Na bei? Niliwahi kusikia bei ya watu wa umri wangu. Nilidhani wananiuzia trekta."

"Bei nzima ni ya kutisha, kweli. Lakini serikali hulipa sehemu yake kwa kutazama kipato. Hiyo ndiyo inaitwa ruzuku. Kipato kikiwa kidogo, serikali huongeza fungu lake. Wanatazama kipato cha nyumba nzima. Pensheni yako imo. Mshahara wa Jocelyne umo. Kuni unazouza zimo pia, usinitolee macho."

"Basi andika mshahara wangu wa kiwandani. Sitaki waseme nimewadanganya kwa kujifanya maskini."

"Ndiyo kosa la pili hilo!" Noella aligonga meza. "Hawaulizi mlichopata mwaka jana. Wanauliza mnachotarajia kupata mwaka huo ambao bima itafanya kazi. Ukiandika kikubwa kwa kiburi, utalipa mchango mkubwa kila mwezi bure. Ukiandika kidogo kwa ujanja, watakudai wakati wa kodi. Andika ukweli. Na kipato kikibadilika katikati ya mwaka, njoo useme mara moja."

Jocelyne aliuliza, "Ile bima ya jimbo, ya watu wa kipato kidogo, hatuwezi?"

Noella alipiga hesabu mara mbili. "Mnazidi kidogo," alisema. "Pensheni na mshahara vikiwa pamoja mnavuka mstari. Lakini kwa ruzuku mchango wenu wa mwezi utakuwa mdogo kuliko bili ya simu. Na hawawezi kukukataa kwa sababu tayari unaumwa. Sheria imekataza."

"Kumbe ni hivyo tu," Normand alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe tangu Aprili ilikuwa ni hivyo tu."

Alivaa kofia yake.

"Basi nitangoja Januari," alisema.

"Hutangoja hata kesho!" Noella alisimama. "Hapa kwetu mtu hulipa kwa kadiri ya kipato. Daktari yuko chumba cha pili na nimeshamwambia. Hospitali kubwa nayo ina fomu ya msamaha wa bili kwa wenye kipato kama chenu. Haitangazwi sana, lakini ukiiomba wanakupa. Simama, Normand. Kofia acha hapa."

Alisimama.

Kamera ilionyesha saratani ya utumbo. Vipimo vingine vilionyesha imeshafika kwenye ini. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, na Jocelyne alimuuliza kile ambacho ingefaa asikiulize.

"Kama angekuja Mei?"

"Mei pengine tungekata, tukashona, akarudi nyumbani," alisema. "Pengine. Siwezi kuapa."

Hilo "pengine" Jocelyne alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

Fomu ya msamaha ilikubaliwa. Novemba mosi, asubuhi, walikuwa wa kwanza mezani kwa Noella. Bima ya wote wawili ilianza Januari mosi kama alivyosema. Ililipia dawa za saratani za kutiwa mshipani, ililipia kitanda, ililipia muuguzi aliyekuja nyumbani. Nyumba haikuuzwa. Msitu wao mdogo wa mierebi na misonobari haukuguswa. Kila kitu kilikwenda sawasawa kabisa, isipokuwa kwamba Normand alikuwa akifa.

Mwezi Machi kiwanda kilitangaza kuzima mashine ya pili. Watu sitini wengine. Rejean alikuja jioni hiyo, akasimama mlangoni bila kuvua viatu vya theluji. Tangu Oktoba dada yake alikuwa akimpa majibu ya neno moja.

"Nieleze la kufanya," alisema.

"Unalijua."

Normand alikuwa amelala kwenye kochi karibu na jiko. Uso wake ulikuwa wa manjano. "Shemeji," alisema, "wale vijana wanakusikiliza wewe. Mimi wakiniona wanatazama pembeni. Nenda kesho kwenye kahawa."

"Watanicheka, Normand."

"Wacha wacheke. Mimi sicheki?" Na kweli alicheka, akakohoa muda mrefu.

Rejean alikwenda. Jocelyne alikwenda naye, siyo kwa upendo, alikwenda kuhakikisha. Wanaume kumi na wawili walikuwa wamekaa na vikombe vyao. Rejean alisimama kando ya mashine ya kahawa.

"Nilisema nimekwenda mapema," alisema. "Niliwadanganya. Niliumwa kichwani, kwa huzuni. Nililipwa kama mlemavu miaka miwili, ndipo kadi ikaja. Nyie haitawajia. Mkiacha kazi Ijumaa, mnazo siku sitini. Nendeni kwa Noella. Msiwashie jiko barua."

Mmoja alitaka kutania, akamwona Jocelyne, akameza utani wake. Kisha mzee mmoja wa mashine ya pili alisema, "Kaa chini, Rejean, kahawa yako inapoa." Hawakumcheka. Miaka minne alikuwa ameogopa kicheko ambacho hakikuja, na Jocelyne alipoliona hilo aliumia zaidi kuliko kama wangecheka.

Kabla ya mwisho wa Aprili watu hamsini na wanane kati ya sitini walikuwa wamepita mezani kwa Noella. Mmoja wao alikutwa na uvimbe mdogo utumboni, ukakatwa, akarudi nyumbani kuvua samaki. Mkewe alimletea Jocelyne keki. Jocelyne aliipokea, akashukuru, akafunga mlango, na hakuweza kuila.

Normand alifariki mwezi Juni, mchana, dirisha likiwa wazi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Siku ya tisa baada ya mazishi Jocelyne alivaa gauni la kanisani akaenda kituo cha afya. Noella aliinuka kumkumbatia.

"Pole, mwenzangu. Hukuhitaji kuja upesi hivi."

"Uliniambia kipato kikibadilika nije niseme mara moja. Kimebadilika."

Noella alikaa. Alifungua fomu kwenye kompyuta.

"Lazima niulize kama ilivyoandikwa. Nyumbani mko wangapi?"

"Mmoja."

"Kipato?"

"Mshahara wa shule. Pensheni yake imekoma naye."

"Ya mjane unaweza kuanza kuichukua ukifika sitini. Una hamsini na saba. Ukiianza, njoo tena uniambie, maana itahesabiwa." Noella aliandika, akangoja, akasoma. Alisoma tena. Kisha akageuza uso kidogo.

"Sema," Jocelyne alisema.

"Peke yako, kwa mshahara huo, uko chini ya mstari. Unaingia ile bima ya jimbo. Hulipi mchango wowote."

"Inaanza lini?"

"Mwezi huu huu. Hiyo haina mlango wa Novemba. Mtu huomba siku yoyote."

"Bila kungoja?"

"Bila kungoja."

Jocelyne alitazama kiti kitupu kilichokuwa upande wake.

"Alipokuwa hai tulikuwa na kipato kingi mno," alisema. "Sasa amekufa, ndiyo nimefaa."

Noella alisukuma karatasi mbele ya jirani yake, machozi yakimtoka, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi.

"Nipe kalamu," Jocelyne alisema. "Nisije nikachelewa na mimi."